Darubini Kubwa ya Mlima Hamilton na Kazi ya Kuisimamisha

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Jumuiya)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeumba mbingu na ardhi, akajaalia usiku na mchana kufuatana kwa hesabu isiyokosea. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. 

Katika elimu za dunia, ni chache zilizo karibu na ibada za Mwislamu kama elimu ya falaki. Kwa jua hujulikana nyakati za sala. Kwa mwezi hujulikana kuingia kwa Ramadhani na kufika kwa siku za Hija. Na kwa nyota manahodha walivuka bahari kutoka Arabuni hadi pwani ya Afrika ya Mashariki na kurudi makwao salama. Wazee wa Kiislamu waliishughulikia elimu hii kwa bidii kubwa, na ndiyo sababu hata leo nyota nyingi zimo katika vitabu vya Wazungu kwa majina ya Kiarabu.

Habari itakayoelezwa leo ni ya chombo kimoja cha elimu hiyo, nayo ni darubini kubwa iliyosimamishwa juu ya Mlima Hamilton, katika jimbo la California, nchi ya Marekani, mwaka wa 1888. Kwa wakati wake hapakuwa na darubini ya lenzi iliyo kubwa kuliko hiyo duniani pote. Habari hii imechaguliwa kwa sababu moja. Wengi hudhani kwamba jambo kubwa ni kupata mali ya kununulia chombo, na kwamba chombo kikishanunuliwa kazi imekwisha. Darubini hii inafundisha kinyume cha hayo. Mali ilitolewa mwaka wa 1874, na nyota ya kwanza ikaonekana mwaka wa 1888. Katikati ya tarehe hizo mbili ilipita miaka 14 ya kazi, na mtoaji mwenyewe alikuwa amekwisha kufa.

Mtoaji huyo aliitwa James Lick. Alizaliwa mwaka wa 1796 katika jimbo la Pennsylvania, akafunzwa useremala na baba yake, kisha akawa fundi wa piano. Alihamia Amerika ya Kusini, akakaa Buenos Aires, na Valparaíso, na Lima, akiunda piano na kuziuza, na akiweka akiba. Mwezi wa Januari 1848 alifika San Francisco, nao wakati huo ulikuwa mji mdogo usiokuwa na thamani machoni pa watu. Siku chache baada ya kufika kwake dhahabu ikavumbuliwa katika nchi ile. Watu wakakimbilia mashimo ya dhahabu; yeye akanunua ardhi. Mji ulipokua, ardhi ile ikamfanya kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa California. Hata hivyo alivaa nguo kuukuu, akaishi maisha ya upweke, na watu wakamhesabu kuwa bahili.

Alipofikia uzee na kupatwa na maradhi ya kiharusi, alianza kufikiri habari ya kumbukumbu yake. Fikira yake ya kwanza ilikuwa kujengewa piramidi kubwa katika mji wa San Francisco, piramidi iliyo kubwa kuliko zile za Misri. Mwanafalaki mmoja aliyeitwa George Davidson alizungumza naye mara nyingi, akamwonyesha kwamba rundo la mawe halimfai mtu yeyote, lakini darubini kubwa itawafaa watu wa vizazi vingi. Mzee yule akakubali. Mwaka wa 1874 aliiweka mali yake yote mikononi mwa wadhamini, na katika hiyo alitenga dola 700,000 kwa ajili ya darubini yenye nguvu kupita zote zilizokwisha kuundwa.

Waislamu wanaijua kazi ya namna hii kwa jina la wakfu. James Lick hakuwa Mwislamu, wala hakujulikana kuwa mtu wa dini. Lakini jambo lenyewe ni lile lile, yaani mtu kuitoa mali yake mkononi akiwa hai, ili manufaa yake yaendelee baada ya kufa kwake. Na matatizo ya wakfu nayo yalikuwa yale yale. Mzee alibadili wadhamini zaidi ya mara moja. Mwanawe alidai haki yake, na jambo hilo likamalizwa kwa mapatano. Tarehe 1 Oktoba 1876 James Lick alifariki, na wakati huo palikuwa hapana lenzi, wala kuba, wala jiwe moja lililowekwa juu ya jingine. Palikuwa na karatasi, na mali, na watu waliopewa amana.

Miongoni mwa wadhamini wa mwisho alikuwamo mtu aliyeitwa Richard Floyd, nahodha wa zamani, naye akawa mkuu wao. Hakuwa mwanafalaki. Lakini alikubali kujifunza, akaandikiana barua na wanafalaki wa Marekani na wa Ulaya, akasafiri kwenda kuwaona mafundi, wala hakuiacha kazi mpaka ilipotimia. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Thomas Fraser, ambaye pia hakuwa mwanachuoni wa nyota. Watu hawa wawili ndio waliobeba mzigo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupata mahali. Zamani wanafalaki wa Ulaya walijenga nyumba za darubini katika miji yao au kando yake, penye moshi na taa na mavumbi. Kilele cha Mlima Hamilton kiko mashariki ya mji wa San José, na urefu wake ni futi 4,200 hivi kutoka usawa wa bahari, yaani mita 1,280. Juu kule hewa ni tulivu, na mawingu ya baharini mara nyingi hubaki chini bondeni. Lakini wadhamini hawakutosheka na sifa za mdomo. Mwaka wa 1879 walimwita mwanafalaki S. W. Burnham, hodari wa kuzichungua nyota pacha, akapanda na darubini yake ndogo ya inchi 6, akakaa huko majuma mengi akipima utulivu wa hewa usiku baada ya usiku. Aliporidhika yeye ndipo ujenzi ulipoanza mwaka uliofuata, 1880.

Barabara ilikuwa imekwisha kutengenezwa na serikali ya wilaya mwaka wa 1876. Kwa kuwa mizigo yote ilikuwa ivutwe na farasi na nyumbu, barabara ile haikupandishwa moja kwa moja, bali ilizungushwa mlimani kwa mapindi mengi, ili mnyama asishindwe na mwinuko. Ilikuwa ndefu, lakini kila tofali na kila chuma kilifika. Kilele chenyewe kilikuwa jiwe kali na chembamba, pasipo nafasi ya kuweka nyumba. Wafanyakazi walilipasua jiwe lile kwa baruti, wakaondoa maelfu ya tani za mawe, hata pakapatikana uwanja ulio sawa. Udongo wa kufaa ulipatikana karibu, na matofali yakachomwa huko huko mlimani.

Wakati mlima unasawazishwa, kazi nyingine ilikuwa ikiendelea mbali sana. Darubini ya lenzi hukusanya nuru kwa kioo kilichowekwa kwenye mdomo wa mbele wa bomba. Nuru ya nyota hupita katika kioo hicho, hupindwa, na hukusanyika mahali pamoja nyuma ya bomba, na hapo mtazamaji huweka lenzi ndogo ya jicho. Kioo kimoja peke yake hakitoshi, kwa sababu hutawanya rangi, na nyota huonekana imezungukwa na duara la buluu na wekundu. Kwa hivyo huwekwa vioo viwili vya aina mbalimbali, kimoja chepesi na kimoja kizito chenye risasi ndani yake, ili kimoja kisahihishe kosa la mwenziwe.

Vioo vya Mlima Hamilton vilikuwa na upana wa inchi 36, yaani sentimita 91. Lenzi ya upana huo hukusanya nuru zaidi ya mara 20,000 kuliko jicho la mwanadamu. Vipande vya kioo viliyeyushwa mjini Paris katika karakana ya Feil. Kioo kizito kilipatikana mapema, lakini kile chepesi kiliwashinda mafundi kwa miaka. Kioo kikubwa lazima kipoe polepole sana. Kikipoa kwa pupa hupasuka, au huingiwa na mishipa inayopotosha nuru. Majaribio karibu 20 yaliharibika kabla ya kupatikana kipande kimoja kilicho safi, na hicho kiliwafikia wasuguaji mwaka wa 1885.

Wasuguaji walikuwa Alvan Clark na wanawe, karibu na mji wa Boston. Mzee Clark alikuwa mchoraji wa sura za watu kabla ya kuingia katika kazi ya lenzi. Mwanawe, Alvan Graham Clark, alipokuwa akiijaribu lenzi nyingine mwaka wa 1862 aliiona nyota ndogo kando ya nyota ya Shi'ira, ile ambayo jina lake limetajwa katika Kurani. Nayo ilikuwa nyota ambayo wanahesabu walikwisha kubashiri kuwapo kwake bila ya kuiona. Familia hii ilisugua kioo, ikakijaribu, ikakisugua tena, na mwisho kabisa ikakisahihisha kwa vidole. Mwishoni mwa mwaka wa 1886 lenzi ilivuka bara zima la Marekani kwa gari la moshi, kisha ikapandishwa mlimani kwa uangalifu mkubwa. Mzee Clark alifariki mwezi wa Agosti 1887, miezi michache kabla ya lenzi yake kuonyeshwa mbingu.

Sasa tumefika kwenye kazi ya kusimamisha yenyewe, nayo ina mambo manne: nguzo, mhimili, sakafu na kuba.

Jambo la kwanza ni nguzo. Darubini kubwa huikuza nyota, lakini hukuza pia kila mtetemeko. Mtu akitembea sakafuni, au mlango ukifungwa kwa nguvu, nyota hurukaruka machoni. Kwa hiyo nguzo ya darubini husimamishwa juu ya msingi wake wenyewe ulioshikana na mwamba, na sakafu ya nyumba haiigusi. Watu huweza kwenda na kurudi, na nguzo isiwe na habari nao. Ndani ya msingi wa nguzo ile, mwezi wa Januari 1887, uliwekwa mwili wa James Lick ulioletwa kutoka San Francisco, na hapo pakawekwa bamba la kumtaja. Mafundisho ya Kiislamu hayapendi kujenga juu ya kaburi, wala jambo hili halikutajwa ili lifuatwe. Limetajwa kwa kuwa ni sehemu ya habari, na kwa kuwa linaonyesha tofauti ya kumbukumbu mbili: mtu aliyetaka kulala chini ya piramidi, akalala chini ya chombo kinachofanya kazi.

Jambo la pili ni mhimili. Nyota zote huonekana kuizunguka ncha ya mbingu kwa saa 23 na dakika 56. Katika upande wa kaskazini, karibu na ncha hiyo ndipo ilipo nyota ya Jaa, ambayo manahodha waliifanya kiongozi wao. Darubini ya kufungwa vizuri huwa na mhimili mmoja ulioelekezwa barabara kwenye ncha ile. Ukiwa sawa, mtambo wa saa huizungusha darubini polepole kwa mwendo wa mbingu, na nyota hubaki imetulia mbele ya jicho usiku mzima. Ukiwa umekosea hata kidogo, nyota huteleza na kutoweka, na mtazamaji huwa akiifukuza badala ya kuichunguza.

Mhimili huu hauwi na mwinamo mmoja katika nchi zote. Juu ya Mlima Hamilton uliinuliwa digrii 37 na zaidi kidogo, kwa sababu ndipo mlima ulipo kaskazini ya Ikweta. Lau darubini kama ile ingesimamishwa mjini Kampala, mhimili wake ungelala karibu sawa na sakafu, kwa kuwa Ikweta inapita kusini ya mji kwa mwendo mfupi tu, na nyota ya Jaa iko chini kabisa kwenye ukingo wa mbingu. Mjini Bujumbura mhimili ungeinuliwa kidogo tu, digrii tatu na ziada, na kuelekezwa kusini. Kwa hivyo fundi hawezi kuchukua kipimo cha mji wa watu wengine akakitumia kwake. Lazima apime mahali pake mwenyewe.

Anayejua kujenga msikiti ataelewa jambo hili upesi. Kibla hakichukuliwi kwa kukisia, wala kwa kufuata mtaa ulivyopangwa. Kosa dogo katika mihirabu huwa kosa la maili nyingi likifika upande wa Makka. Na wakati wa kupima ni kabla ya ukuta kupanda, kwa maana kamba ni rahisi kuihamisha, na ukuta ni mzito.

Nguzo, mhimili na bomba vilitengenezwa na mafundi Warner na Swasey wa mji wa Cleveland. Bomba lilikuwa na urefu wa futi 57 hivi, yaani mita 17 na zaidi. Chuma kilikuwa cha tani nyingi, lakini kilisawazishwa kwa uzito wa upande wa pili hata mtu mmoja akaweza kukisukuma kwa mkono wake. Swasey mwenyewe alipanda mlimani katika majira ya baridi kusimamia kufungwa kwake.

Jambo la tatu ni sakafu. Bomba refu likielekezwa juu, sehemu ya kutazamia hushuka. Likilazwa, sehemu ile hupanda juu sana. Badala ya kumpandisha mtazamaji kwenye ngazi ndefu gizani, iliundwa sakafu nzima inayoweza kupanda na kushuka, kwa shauri la fundi Howard Grubb wa Dublin. Jambo la nne ni kuba, lenye upana wa futi 75, lililoundwa na karakana ya chuma ya San Francisco, linalozunguka ili mwanya wake uelekee sehemu ya mbingu inayotakiwa.

Basi mwisho wa mwaka wa 1887 kila kitu kilikuwa mahali pake. Walikuwapo mlimani Floyd, na Swasey, na Clark mwana, na kijana mwanafalaki aliyeitwa James Keeler. Baridi ilikuwa kali na theluji ilianguka. Mawingu yalipofunguka katika siku za kwanza za Januari 1888, walifungua mwanya wa kuba na kuielekeza darubini kwenye nyota, baada ya miaka 14 ya kungoja.

Nyota haikuonekana sawasawa. Ilikuwa doa la nuru lisilokusanyika. Waliisogeza lenzi ya jicho ndani kadiri ilivyoweza kwenda, na bado haikutosha. Hapo ikadhihirika kwamba mahali nuru ilipokusanyika palikuwa ndani ya bomba kuliko ilivyohesabiwa. Lenzi ilikuwa nzuri, mhimili ulikuwa sawa, nguzo ilikuwa imara. Bomba ndilo lililokuwa refu kupita haki yake.

Na tuitazame hali ya watu wale. Mali ya marehemu imekwisha kutumika. Magazeti yamekwisha kuisifu darubini iliyo kubwa kuliko zote. Mtengenezaji wa bomba yuko pale pale, na mwana wa msugua lenzi yuko pale pale, na kila mmoja angeweza kumtupia mwenziwe lawama. Wangeweza kufunga mlango na kuandika kwamba kazi imekwisha, kwani watu wa mjini wasingejua. Walichofanya ni kuchukua msumeno wa chuma, wakalikata lile bomba jipya, wakaondoa inchi kadhaa, na wakaifunga tena sehemu ya kutazamia mahali panapostahili.

Ndugu Waislamu, jambo hili linafaa kufikiriwa sana. Nuru haikubali kuvutwa ifuate bomba. Bomba ndilo hukatwa lifuate nuru. Chombo ni kazi ya mikono ya watu, na hesabu ya watu hukosea. Mwendo wa nuru ni kanuni aliyoiweka Mwenyezi Mungu, wala haubadiliki kwa ajili ya heshima ya fundi.

Nyota waliyoielekea katika siku hizo za mwanzo ni ile ambayo Wazungu huiita Aldebaran. Jina hilo ni la Kiarabu, ad-Dabarani, na maana yake ni mwenye kufuata nyuma. Huitwa hivyo kwa sababu huifuata Thurayya angani, nayo Thurayya ndiyo Kilimia, ambacho wakulima wa nchi hizi wamekitazama tangu zamani wakijua majira ya kulima. Hivyo chombo kipya kabisa cha Marekani kilianza kazi yake kwa nyota iliyopewa jina na Waarabu wa kale, inayotembea nyuma ya nyota za jembe.

Usiku wa tarehe 7 Januari mbingu zilikuwa safi. Kuba lilikuwa limekwama kwa barafu, halikuzunguka, nao wakawa wakingoja nyota zije zenyewe mbele ya mwanya. Zohali ilipofika, Keeler aliona katika pete yake ya nje ufa mwembamba sana, mwembamba kama uzi, ambao darubini nyingine hazikuuonyesha kwa namna ile. Hapo wakajua kwamba amana imefika. Tarehe 1 Juni 1888 darubini na nyumba zake zilikabidhiwa Chuo Kikuu cha California. Mwaka wa 1892, mwezi wa Septemba, mwanafalaki Edward Barnard aliona kwa darubini hiyo mwezi wa tano wa Mshtarii. Miezi minne ya kwanza ilikuwa imeonwa na Galileo mwaka wa 1610, na tangu hapo, kwa miaka 282, hapana mtu aliyeuona wa tano.

Jambo jingine la kusifiwa ni kwamba chombo hakikufichwa. Usiku wa Jumamosi watu wa kawaida waliruhusiwa kupanda na kutazama. Walikuja kwa magari ya farasi, mafundi na wakulima na wake zao, wakasimama kwa zamu penye lenzi ile ile ya wanachuoni. Hata zaidi ya miaka 130 baadaye darubini ile ilikuwa ingali imesimama. Na moto mkubwa wa msituni ulipofika kilele kile mwezi wa Agosti 2020, yenyewe ilisalimika.

Isidhaniwe kwamba wenye kujenga baada yao hawakupata misukosuko. Mwaka wa 1897 ilisimamishwa darubini ya lenzi iliyo kubwa zaidi, ya inchi 40, katika nyumba ya Yerkes, jimbo la Wisconsin. Siku chache tu baada ya kuanza kutumika, asubuhi ya tarehe 29 Mei, kamba za chuma za sakafu yake ziliachia na sakafu nzima ikaanguka. Saa chache kabla yake wanafalaki walikuwa juu ya sakafu ile wakifanya kazi. Kwa rehema ya Mungu hakuumia mtu, na lenzi haikudhurika. Sakafu ilijengwa upya, na kazi ikaendelea.

Wala isidhaniwe kwamba Waislamu hawakujenga. Ulugh Beg, mfalme wa Samarkandi aliyekuwa mwanachuoni, alijenga nyumba kubwa ya kuchungulia nyota karne mbili kabla ya kupatikana darubini, na mwaka wa 1437 majedwali yake yalitaja mahali pa nyota zaidi ya 1,000. Lakini aliuawa mwaka wa 1449, na jengo lake likaachwa likawa magofu, hata mwaka wa 1908 likafukuliwa chini ya udongo. Taqi ad-Din alijengewa nyumba ya falaki Istanbul mwaka wa 1577, na mwaka wa 1580 ikabomolewa kwa amri. Elimu ilikuwapo, na mali ilikuwapo, na akili zilikuwa bora. Kilichokosekana ni amana yenye watu wa kuishika baada ya mwenyewe kuondoka, au baada ya mtawala kugeuza moyo. Kazi iliyomtegemea mtu mmoja ilikwenda naye.

Basi funzo la habari hii kwa jumuiya yoyote ya Waislamu ni hili. Kila jumuiya inayo mali iliyotolewa na watu ambao hawatauona mwisho wake. Bibi mmoja ametoa bangili, mzee mwingine ametoa kiwanja, na wengine senti zao za kila mwezi. Na baadhi yao wamo makaburini. Kwa mali hiyo hujengwa madrasa, na hununuliwa vitabu, na huchimbwa visima. Siku ya kutoa hupigwa makofi, na majina huandikwa. Lakini swali litakaloulizwa Siku ya Kiyama haliko kwa mtoaji peke yake. Liko pia kwa aliyekabidhiwa. Je, alipima mahali kabla ya kujenga? Je, aliweka nguzo mbali na mitetemeko ya ugomvi wa watu? Je, alielekeza mhimili kwa kipimo cha kweli, au kwa kukisia? Na alipoona bomba ni refu, alikuwa na moyo wa kulikata?

Hilo la mwisho ndilo zito. Madrasa iliyojengwa mahali pasipofikika na watoto, utaratibu uliowekwa na wazee wenye heshima na ukaonekana haufai, hesabu isiyokubaliana na risiti: yote haya ni mabomba yaliyozidi urefu. Kuyakata si kumvunjia heshima aliyeyatengeneza. Heshima ya wale waliokuwa juu ya Mlima Hamilton haikupungua kwa msumeno. Ingepotea lau wangeuacha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azikubali sadaka za waliotangulia, awape wenye kushika amana macho ya kuona kosa mapema na moyo wa kulitengeneza, na awajaalie vijana wa Kiislamu kurudi katika elimu ya mbingu, ambayo babu zao waliipa majina. Yeye ndiye Mwenye kusikia, Mwenye kujibu. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.